Nani aingie chumba cha surua? Mwongozo wa kupanga kinga ya watumishi wa hospitali

Mtoto aliletwa asubuhi ya Jumatatu akiwa na homa kali, mafua, na macho mekundu yanayotoa machozi. Alikaa na mama yake kwenye benchi la wagonjwa wa nje karibu saa tatu nzima, akapimwa malaria, kisha akalazwa wodi ya watoto kwa sababu ya kikohozi. Jumatano upele ulianza nyuma ya masikio ukashuka usoni. Surua. Muuguzi mfawidhi akatukusanya, akauliza swali moja tu: kati ya wote waliomhudumia mtoto huyu, nani ana kinga?

Hatukuwa na jibu. Siku tatu tulizunguka na karatasi tukiulizana, "Wewe uliwahi kuugua surua?" Wakati huohuo dada mmoja mwenye ujauzito wa miezi miwili, aliyemshika mtoto yule wakati wa kuwekewa dripu, alikuwa amejifungia chumba cha kubadilishia nguo analia, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumwambia kama yuko salama.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya siku tatu zile. Ni wa yeyote anayesimamia udhibiti wa maambukizi katika hospitali ya wilaya, kituo cha afya au hospitali ya dini, na pia wa mtumishi mmoja mmoja anayetaka kujua alipo. Miaka ninayoitaja zaidi ni ya Tanzania, maana ndiko ninakofanyia kazi. Aliye Kenya, Uganda au Kongo aweke miaka ya kwao; hatua zenyewe hazibadiliki.

Hatua ya 1: Andika majina ya wote, si wauguzi na madaktari peke yao

Anza na orodha ya watumishi iliyoko ofisi ya katibu wa afya, kisha ongeza wale wasiokuwemo. Wasiokuwemo ni wengi kuliko unavyodhani: wafanya usafi walioletwa na kampuni ya mkataba, walinzi wa getini, karani wa mapokezi na wa bima, dobi, wapishi, vijana wanaojitolea, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Virusi vya surua hubaki hewani chumbani hadi saa mbili baada ya mgonjwa kutoka. Anayeingia kudeki dakika arobaini baada ya mtoto kuhamishwa anavuta hewa ileile aliyoikohoa mtoto. Mlinzi ndiye mtu wa kwanza kuinama na kumsikiliza mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Katika kundi lisilo na kinga, mgonjwa mmoja wa surua huambukiza watu 12 hadi 18, na virusi havisomi cheo cha mtu.

Mbele ya kila jina andika mwaka wa kuzaliwa, idara na namba ya simu. Usiache mwaka wa kuzaliwa. Utakuja kuona unavyofanya kazi kubwa.

Kama huwezi kumaliza hospitali nzima kwa mwezi mmoja, anza na sehemu hizi: wodi ya watoto, wodi ya wazazi pamoja na chumba cha watoto wachanga, mapokezi na dharura, kisha CTC (kliniki ya wenye VVU) na wodi zenye wagonjwa wa saratani. Hapo ndipo mtumishi mmoja mwenye surua au tetekuwanga anaweza kusababisha vifo.

Hatua ya 2: Kusanya ushahidi, usikusanye kumbukumbu

Hapa ndipo kazi hukwama, basi nikae hapa kidogo.

Mhudumu mmoja wa miaka mingi, mama mtu mzima, aliniambia, "Mwanangu, surua niliugua hata wewe hujazaliwa."

"Shikamoo mama. Naamini uliugua. Ila nani alisema kuwa ni surua?"

"Bibi yangu."

Bibi hakukosea kumuuguza mjukuu. Lakini enzi hizo, na hata leo vijijini, upele wowote wenye homa huitwa surua. Ndani ya jina hilo moja kuna rubela, kuna vipele vya virusi vingine, kuna hata mzio wa dawa. Surua ya kweli ikishakupata mara moja hairudi. Mwaka 1846 daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, alipelekwa visiwa vya Faroe, ambako surua ilikuwa haijaingia kwa miaka 65. Watu kama 6,000 kati ya wasiofika 8,000 waliugua, lakini wazee waliokuwa wameiugua mwaka 1781 hawakuipata tena. Kwa hiyo kinga ya kuugua ni imara. Tatizo ni kuthibitisha kwamba uliyougua ni yenyewe.

Kwa surua na rubela kubali kimojawapo kati ya hivi: kadi au rejista inayoonyesha chanjo na tarehe, majibu ya maabara ya kingamwili za IgG (zile zinazobaki kwenye damu baada ya kuugua au kuchanjwa), au majibu ya maabara ya wakati ule yaliyothibitisha ugonjwa. Maneno matupu, hata ya daktari bingwa akijisemea mwenyewe, yaandikwe "hakuna ushahidi". Nimeona madaktari wakikasirika kwa hilo. Waeleze kwa heshima kuwa kanuni ni hiyohiyo kwa wote.

Sasa mwaka wa kuzaliwa. Mpango wa chanjo kwa watoto Tanzania ulianza mwaka 1975, na kwa miaka mingi mtoto alipata dozi moja tu ya surua akiwa na miezi 9. Dozi ya umri huo hukinga watoto kama 85 kati ya 100; waliobaki mwili wao haukuipokea, mara nyingine kwa sababu kinga waliyorithi kwa mama ilikuwa bado imo mwilini ikaizuia chanjo. Dozi ya pili, ya miezi 18, na chanjo ya pamoja ya surua-rubela zilikuja mwaka 2014. Oktoba mwaka huo ilifanyika kampeni ya nchi nzima kwa watoto wa miezi 9 hadi chini ya miaka 15. Kenya walifanya ya kwao Mei 2016.

Piga hesabu. Muuguzi aliyezaliwa mwaka 2001 huenda alichanjwa shuleni mwaka 2014, hivyo kuna uwezekano ana dozi mbili za surua na moja ya rubela. Aliyezaliwa mwaka 1997 alikuwa amevuka umri wa kampeni hiyo. Zilikuwapo kampeni nyingine za surua kabla yake, ila mara nyingi mtoto alirudi nyumbani na wino kidoleni, hana kadi. Na kwa rubela, huyu wa 1997 hakuwahi kupewa chanjo na serikali hata mara moja; kinga yake, kama ipo, ni ya kuugua. Huyo ndiye dada aliye kwenye umri wa kuzaa, na ndiye anayejaza zamu zetu.

Mwaka wa kuzaliwa hautoshi kuwa ushahidi, lakini unakuonyesha wa kuanza naye.

Jinsi ya kuzipata kadi: toa tangazo wiki mbili kabla ya likizo kubwa, watu wanapokwenda nyumbani. Waambie wamwombe mama au shangazi afungue lile sanduku la nyaraka, pale kwenye cheti cha ubatizo na cheti cha darasa la saba. Kadi ya kliniki ya utotoni mara nyingi imo humo. Kina mama walete pia kadi ya kliniki ya wajawazito: inaonyesha sindano za pepopunda, au za pepopunda na dondakoo kwa pamoja, na hiyo itakuokolea kazi mbele. Piga picha kila kadi, mrudishie mwenyewe.

Hatua ya 3: Amua ugonjwa mmoja mmoja

*Surua.* Lengo ni dozi mbili zilizoandikwa, zikiwa zimepishana angalau wiki nne. Mwenye dozi moja aongezewe moja. Asiye na chochote apewe mbili. Hakuna haja ya kuanza upya kwa sababu miaka mingi imepita.

*Rubela.* Mtu mzima akiugua, ni homa kidogo na vipele vya siku tatu, tena wengine hawaoni dalili yoyote. Hatari yake iko kwa mimba. Mjamzito akiambukizwa ndani ya wiki 12 za kwanza, uwezekano wa mtoto kudhurika hufika hadi 90 kati ya 100: mtoto wa jicho, uziwi, tundu kwenye moyo, au mimba kutoka. Daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, ndiye aliyeliona hilo mwaka 1941 baada ya kupokea watoto wachanga wengi wenye mtoto wa jicho. Na kuna jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa chuoni: mtoto aliyezaliwa na madhara ya rubela anaweza kuendelea kutoa virusi kwa mate na mkojo hadi mwaka mzima au zaidi. Muuguzi wa chumba cha upasuaji wa macho anayempokea mtoto huyo wa miezi mitano naye yumo hatarini. Dozi moja iliyoandikwa inatosha kwa rubela, na kwa kuwa chanjo yetu ni ya pamoja, ukimaliza surua kwa chanjo hiyo umemaliza na rubela.

*Tetekuwanga.* Chanjo yake haimo kwenye ratiba ya kawaida ya watoto Tanzania wala Kenya. Kwenye nchi za baridi, kabla ya chanjo kuja, karibu kila mtu aliugua akiwa mdogo. Kwetu kwenye joto wengi hufika utu uzima hawajaiugua, na mtu mzima huumia kuliko mtoto, hasa mapafu, na hasa mjamzito. Mama akitokwa na vipele kuanzia siku tano kabla ya kujifungua hadi siku mbili baada yake, kichanga chake kiko kwenye hatari ya kifo. Kwa hiyo wodi ya wazazi isiwe na mtumishi ambaye hatujui hali yake.

Kumbukumbu ya tetekuwanga ina uzito kuliko ya surua, kwa kuwa malengelenge yale huyafahamu hata jirani na makovu hubaki. Mwenye historia iliyothibitishwa na tabibu, au aliyewahi kupata mkanda wa jeshi uliothibitishwa, mhesabu ana kinga, maana virusi ni vilevile vilivyolala kwenye mishipa ya fahamu. Lakini mwongozo wa Uingereza wenyewe unakiri kuwa kwa watumishi waliokulia ng'ambo historia hiyo haiaminiki sana, ndiyo maana wauguzi wetu wanaokwenda kufanya kazi huko hupimwa damu hata wakiapa kuwa waliugua. Ukiweza kupima, pima. Asiye na kinga anahitaji dozi mbili zilizopishana angalau wiki nne. Chanjo hupatikana zaidi hospitali na kliniki za binafsi, na bei si ndogo. Bajeti ikiwa finyu, wape kwanza wa wodi ya wazazi na ya watoto.

Aliye na mkanda wa jeshi kazini naye anaambukiza. Asiye na kinga akigusa malengelenge yake atapata tetekuwanga. Afunike vidonda, na asiguse vichanga wala wajawazito mpaka vikauke.

*Kifaduro.* Hakuna kinga ya maisha, si ya kuugua wala ya chanjo. Mtumishi aliyepata dozi zote tatu utotoni leo hana tegemeo. Kwa mtu mzima kifaduro ni kikohozi cha wiki nyingi tu, bila ule mlio unaojulikana. Anakunywa dawa ya kifua na kuendelea na zamu. Kichanga ambaye hajafika wiki 6, umri wa sindano ya kwanza, hana kitu. Chanjo ya watu wazima yenye kifaduro ndani yake ipo, ila angalia: ile Td inayotolewa kliniki ya wajawazito ni ya pepopunda na dondakoo tu. Isiandikwe kwenye daftari kana kwamba inakinga kifaduro.

*Dondakoo na pepopunda.* Asiye na rekodi apewe Td tatu: leo, baada ya wiki nne, kisha baada ya miezi sita au zaidi. Baadaye nyongeza kila miaka kumi. Wanaume ndio walioachwa hapa, kwa kuwa hawakupita kliniki ya wajawazito.

*Matumbwitumbwi.* Haimo kwenye chanjo yetu ya surua-rubela. Mwenye uwezo wa kupata ile ya magonjwa matatu, yaani surua, matumbwitumbwi na rubela, aipate. Itahesabika kwa yote.

*Homa ya ini B.* Si ugonjwa wa utotoni hasa, lakini usimpitishe mtu kwenye meza ya chanjo ukaacha kumuuliza. Tanzania iliingiza chanjo hii kwa watoto wachanga mwaka 2002. Waliozaliwa kabla ya hapo hawana, isipokuwa waliochanjwa chuoni. Ratiba ni leo, mwezi mmoja, miezi sita.

Hatua ya 4: Jua damu ya nani ipimwe

Watu hupenda kuanza na maabara. Kwa surua na rubela mimi siungi mkono, isipokuwa kwa mjamzito, ambaye hawezi kuchanjwa. Kipimo mara nyingi kinakwenda mbali, majibu yanachelewa, na bei yake inazidi ya chanjo yenyewe. Kumchanja mtu ambaye tayari ana kinga hakumdhuru. Mwenye shaka achanjwe.

Na aliye na dozi mbili zilizoandikwa asipimwe kabisa. Akipimwa majibu yakaja "hana kingamwili", utaingia kwenye mkanganyiko bure, kwa sababu vipimo vya kawaida hushindwa kuona kiwango kidogo cha kingamwili kinachotokana na chanjo. Dozi mbili zilizoandikwa zina nguvu kuliko karatasi ya maabara.

Tetekuwanga ni kinyume: chanjo ni ghali, kwa hiyo kupima wasio na historia kunaokoa fedha, kwani wengi wao utakuta wana kinga bila kujua. Na homa ya ini B ina kipimo chake cha mwisho: mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya tatu pima kingamwili, zikifika 10 kwa kipimo cha mIU/ml au zaidi, mtumishi amekingika.

Hatua ya 5: Maswali ya kuuliza faraghani

Surua-rubela na tetekuwanga ni chanjo hai, yaani virusi vilivyodhoofishwa. Kabla ya sindano, uliza haya mlango ukiwa umefungwa, mtu mmoja mmoja:

- Una mimba, au unapanga kushika mimba ndani ya mwezi huu? Mjamzito hapewi chanjo hai. Asubiri ajifungue, achanjwe kabla hajatoka wodi ya wazazi. Anayenyonyesha achanjwe bila hofu.
- Kuna ugonjwa au dawa inayoshusha kinga yako? Saratani, dawa za steroidi kwa wingi, VVU wenye CD4 (seli za kinga kwenye damu) chini ya 200. Mwenye VVU ambaye CD4 ziko juu ya hapo na hali yake ni nzuri anapaswa kuchanjwa surua-rubela, maana yeye ndiye surua itamuumiza zaidi.
- Umewahi kupata mzio mkali wa chanjo, jelatini au dawa ya neomaisini?
- Umeongezewa damu, au umepata chanjo nyingine hai, hivi karibuni? Damu inadai kusubiri miezi kadhaa. Chanjo hai mbili zitolewe siku moja, au zipishane wiki nne.

Hali ya VVU ya mtumishi isiandikwe kwenye daftari la chanjo kamwe. Andika "haruhusiwi kwa sasa" na tarehe ya kumwangalia tena, basi. Hospitali zetu ni vijiji. Neno likitoka chumbani asubuhi, mchana liko kantini. Ukivujisha la mmoja, hakuna atakayekuja tena kwenye meza yako, na watakuwa na haki.

Hatua ya 6: Siku ya chanjo

Chanjo ya surua-rubela ya serikali imepangiwa watoto. Usichote kimyakimya kwenye jokofu la kliniki, kwani utampunguzia mtoto wa wiki ijayo. Peleka barua kwa mratibu wa chanjo wa halmashauri kupitia kwa mganga mfawidhi, ukitaja idadi kamili kutoka kwenye orodha yako. Barua yenye namba hujibiwa. Barua ya "tunaomba chanjo kwa watumishi" hulala.

Kichupa kimoja huwa na dozi kumi, na kikishachanganywa kinadumu saa sita tu, kisha kinamwagwa. Hivyo panga watu kumikumi. Hakikisha mraba wa ndani wa kiashiria cha joto kilicho kwenye kichupa ni mweupe kuliko duara linalouzunguka. Tumia kimiminika cha kuchanganyia kilichokuja na chanjo hiyohiyo, kikiwa kimepoa, na usiweke dawa nyingine yoyote kwenye jokofu la chanjo. Mwaka 2014 nchini Syria watoto wasiopungua 15 walikufa baada ya dawa ya kulegeza misuli, inayotumika upasuaji, kuchanganywa na chanjo ya surua badala ya kimiminika chake. Sisi tulio hospitalini tuna dawa hizo karibu kuliko zahanati yoyote.

Dozi ni nusu mililita chini ya ngozi ya mkono. Mchanjwaji akae dakika 15 akiangaliwa, na adrenalini iwe mezani, isiwe kabatini lenye ufunguo.

Usichanje wodi moja nzima siku moja. Kati ya siku ya 7 na ya 12 baadhi hupata homa na vipele vichache, na wanawake watu wazima hupata maumivu ya viungo kutokana na sehemu ya rubela. Hutokea hata kwa mmoja kati ya wanne. Hupita yenyewe. Waambie mapema. Dada akiamka magoti yanauma na hakuambiwa, atawaeleza wenzake kuwa chanjo imemlemaza, na hutawapata kwa dozi ya pili.

Hatua ya 7: Daftari linaloongea na ratiba ya zamu

Tengeneza safu hizi: jina, mwaka wa kuzaliwa, idara, surua dozi 1 na 2 na tarehe, rubela, tetekuwanga, Td ya mwisho, homa ya ini B, na safu ya mwisho yenye neno moja kwa kila ugonjwa wa hewa: "aingie" au "asiingie". Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa muuguzi mfawidhi ndani ya kabati lenye kufuli. Wodini iende orodha fupi ya wanaoruhusiwa kuingia tu, bila sababu za wasiomo.

Anayepanga zamu ahakikishe kila zamu, hata ya usiku wa Jumapili, ina angalau muuguzi mmoja na mfanya usafi mmoja wa "aingie" kwa surua na kwa tetekuwanga. Nimetaja mfanya usafi makusudi.

Hatua ya 8: Mgonjwa akishaingia

Bandika ukurasa huu ukutani ofisini.

Saa ya kwanza: mvalishe mgonjwa barakoa, mpeleke chumba cha peke yake chenye madirisha wazi kuelekea nje na mlango uliofungwa. Waingie wa "aingie" tu, nao wavae barakoa ya N95 ikiwapo. Toa taarifa kwa mganga mkuu wa wilaya na chukua sampuli ya damu, kwa kuwa surua ni ugonjwa wa kutolewa taarifa.

Siku ya kwanza: andika kila aliyekuwa chumba kimoja na mgonjwa au aliyeingia ndani ya saa mbili baada yake, kuanzia siku nne kabla ya upele. Ndiyo, rudi nyuma hadi kwenye benchi la wagonjwa wa nje. Wagonjwa na ndugu waliokaa hapo nao wamo.

Ndani ya saa 72 tangu kukutana na mgonjwa: asiye na ushahidi achanjwe. Mjamzito asiye na kinga na mwenye kinga dhaifu hawachanjwi. Hao wanahitaji imunoglobulini (sindano ya kingamwili zilizo tayari) ndani ya siku 6, kwa hiyo piga simu hospitali ya rufaa mapema, usingoje siku ya tano.

Mwenye dozi moja apewe ya pili aendelee na kazi. Asiye na dozi hata moja apewe chanjo, lakini asikae na wagonjwa kuanzia siku ya 5 baada ya kukutana na mgonjwa mara ya kwanza hadi siku ya 21 baada ya mara ya mwisho.

Kwa magonjwa mengine siku za kukaa pembeni kwa asiye na kinga ni hizi: tetekuwanga siku ya 8 hadi 21, rubela siku ya 7 hadi 23, matumbwitumbwi siku ya 10 hadi 25. Kwa tetekuwanga, chanjo ndani ya siku tatu hadi tano baada ya kukutana na mgonjwa husaidia. Kifaduro kina njia yake: mtumishi aliyekutana na mgonjwa, kama anahudumia vichanga au wajawazito, apewe azithromaisini hata kama amechanjwa, na aliyeanza kukohoa akae nyumbani mpaka atimize siku tano za dawa.

Siku hizi za kukaa pembeni zisikatwe kwenye likizo ya mtumishi. Wiki mbili za likizo zikipotea kwa kusema ukweli, safari ijayo atanyamaza, atavaa barakoa na kuingia wodini. Mwombe mganga mfawidhi aliandike hilo kwa barua yenye mhuri kabla mlipuko haujaja, wakati watu wote bado wana utulivu.

Na wanafunzi: wanakuja kundi zima, wanahama wodi kila wiki, na hawamo kwenye orodha ya mtu. Andikieni vyuo barua sasa ili kadi ya chanjo iwe sharti la kupokelewa, sawa na sare na saa yenye mshale wa sekunde. Asiye na kadi apewe dozi ya kwanza nyumbani kwao, angalau wiki mbili kabla ya kuripoti, na ya pili apewe kwetu.